Mbwa wa Chuma wa Tsukuba

Mwaka 1977 Maabara ya Uhandisi wa Mitambo ya serikali ya Japani, ambayo jina lake limefungamana na mji wa sayansi wa Tsukuba, ilianzisha mradi wa kuunda mashine ya kumwongoza mtu asiyeona barabarani. Kiongozi wa mradi alikuwa mhandisi Susumu Tachi, na mashine yenyewe ikaitwa MELDOG. Haikuwa na miguu wala manyoya. Ilikuwa kigari chenye magurudumu, betri, kompyuta na vihisio, kilichomtangulia bwana wake kwa umbali mdogo. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1983 yalikuwa yametengenezwa matoleo manne, na hakuna hata moja lililofika dukani. Kwa kipimo cha biashara, huo ni mradi uliokufa. Leo roboti za kuongoza na kusindikiza watu wenye uoni hafifu zinajaribiwa upya Japani, China na Marekani, na MELDOG hupewa, ikiwa na bahati, mstari mmoja wa utangulizi. Haistahili kudharauliwa hivyo. Wahandisi wale walilikabili mapema swali ambalo limeamua hatima ya kila msaidizi wa aina hii kwa zaidi ya miaka mia moja: mtu na msaidizi wake wanapotembea pamoja, nani anaamua nini? Nitakayoyatetea hapa ni haya: wasaidizi waliodumu ni wale waliomwachia mtembeaji uamuzi wa safari yake, wao wakajitwika hatari ya hatua iliyo mbele, na roboti za sasa zitadumu au zitasahaulika kwa kipimo hicho hicho, hata ziwe na akili ya kiasi gani.

Kielelezo cha Tachi kilikuwa mbwa mwongozaji, kwa hiyo hatuna budi kuanza na mbwa. Desturi ya mbwa kumtangulia mtu asiyeona ni ya kale, na mwaka 1819 Johann Wilhelm Klein, mwanzilishi wa shule ya wasioona ya Vienna, alikwisha kueleza kitabuni namna ya kumfunza mnyama huyo. Lakini ufundi wenye shule na wakufunzi ulizaliwa na vita. Vita Kuu ya Kwanza iliwapofusha askari wengi kwa gesi ya sumu na vipande vya mabomu, na mwezi Agosti 1916 chama cha Wajerumani kilichokuwa kikiwafunza mbwa kutafuta majeruhi, chini ya Gerhard Stalling, kikafungua Oldenburg shule ya mbwa wa kuwaongoza askari hao. Mmarekani Dorothy Eustis, aliyekuwa akifunza mbwa nchini Uswisi, aliiona shule nyingine ya namna hiyo mjini Potsdam, akaandika makala mwaka 1927. Kijana wa Nashville, Morris Frank, akasomewa makala hiyo na baba yake, akavuka bahari, na mwaka 1928 akarudi kwao na mbwa aitwaye Buddy. Shule waliyoianzisha mwaka 1929, The Seeing Eye, ingali ikifanya kazi. Nchini Japani, mbwa wa kwanza kufunzwa humo humo, Champy, alianza kazi mwaka 1957.

Watu wanaoona hudhani kwamba mbwa ndiye ajuaye njia na kwamba bwana wake anakokotwa tu. Hali ni kinyume kabisa. Mbwa hajui duka la dawa liko mtaa gani, wala hasomi taa za barabarani. Mtu ndiye anayebeba ramani kichwani, anayehesabu njia panda, anayesikiliza magari yanavyosimama na kuondoka, kisha anatoa amri: mbele, kulia, kushoto. Mbwa anamzungusha kwenye nguzo, shimo na baiskeli iliyoegeshwa vibaya, na kumsimamisha kwenye ukingo wa barabara. Juu ya hayo kuna somo moja ambalo wakufunzi hulipa uzito kuliko yote, yaani kukaidi kwa busara: bwana akiamuru mbele na gari linakuja, mbwa hakubali. Katika ushirika huo mamlaka yamegawanywa kwa umbali. Mambo ya mbali, yaani mwisho wa safari, njia ya kufuata na wakati wa kuvuka, ni ya mtu. Mambo ya karibu, yale ya hatua mbili tatu, ni ya mbwa, naye hapo ana haki ya kukataa. Mgawanyo huu haukubuniwa na mwanafalsafa. Ulipatikana kwa kujaribu na kukosea mitaani, na ndiyo maana una nguvu.

Fimbo nayo inashuhudia jambo hilo hilo kwa njia yake. Mwaka 1921 mpiga picha wa Bristol, James Biggs, aliyepoteza uoni kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Fimbo hiyo ilikuwa ishara kwa wengine zaidi ya kuwa chombo cha mwenyewe. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1944 katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Pennsylvania, ambako Richard Hoover, mwalimu aliyewahi kufundisha wasioona, aliwapa askari fimbo ndefu na nyepesi, akawafundisha kuipeleka kushoto na kulia mbele ya miguu, ikigusa upande ule ambao mguu unaofuata utakanyaga. Fimbo ya Hoover haiamui lolote. Inaleta habari za ardhi hadi kiganjani, na mtu ndiye anayezifasiri. Haina betri, bei yake ni ndogo, na ndiyo iliyoenea duniani kote baada ya mashine nyingi za gharama kuwekwa kabatini.

Atakayepinga atasema kwamba binadamu kwa karne nyingi wameongozwa na binadamu wenzao, na hapo kuamua ni kazi ya anayeona, tena watu wakaishi. Ni kweli. Mbele ya makao makuu ya Shirika la Afya Duniani, Geneva, imesimama sanamu ya mtoto akimwongoza mtu mzima kwa fimbo, mmoja mbele na mwingine nyuma, kwa ukumbusho wa vita dhidi ya upofu uletwao na usubi. Sura hiyo si ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye ameiona vijijini na kwenye stendi za mabasi. Lakini tutazame gharama yake kwa pande zote mbili. Mtoto anakosa shule. Mtu mzima naye hawezi kwenda mahali ambapo mtoto hajui, hataki au amechoka kwenda, na hana faragha ya safari yake hata siku moja. Kwamba mpangilio huo umedumu kunatuambia jinsi watu walivyokosa kitu kingine. Popote fimbo ndefu na mafunzo yake vilipofika, wengi walichagua kutembea peke yao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wahandisi waliingia kwa bidii, na kosa lao la kwanza linafundisha sana. Leslie Kay, aliyefanya kazi Uingereza kisha New Zealand, aliunda katika miaka ya 1960 tochi iliyotuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na kugeuza mwangwi wake kuwa milio. Baadaye akaitia teknolojia hiyo kwenye miwani. Lilikuwa jambo la werevu mkubwa, na wachache waliojifunza vizuri waliweza kutambua mti, uzio na mtu kwa sauti. Wengi hawakuendelea nayo. Sikio la mtu asiyeona tayari lina kazi: ndilo linalosikia gari likipunguza mwendo, nyayo za wapita njia, uwazi wa uchochoro unaokatiza. Kifaa kinacholijaza sikio milio kinamnyang'anya mtu vitu vile vile anavyotumia kuamua. Miaka mingi baadaye, Chuo Kikuu cha Michigan kiliunda mkanda wa kiunoni wenye vihisio, ulioitwa NavBelt, uliotoa maelekezo kwa sauti masikioni, na watafiti wenyewe wakakiri kwamba watumiaji hawakuwahi kuzifasiri sauti hizo haraka vya kutosha ili watembee kwa mwendo wa kawaida.

Hapa ndipo MELDOG inapostahili kutazamwa kwa makini. Tachi na wenzake waliigawa kazi ya mbwa katika mambo ambayo mashine ingeweza kuyatimiza. Kwanza mwendo: mtumiaji alivaa kiunoni kifaa kilichotoa mawimbi yasiyosikika, roboti ikayatumia kujua bwana wake yuko umbali gani na upande gani, ikaongeza au kupunguza kasi kumfuata yeye. Tukumbuke kwamba roboti ilikuwa mbele, lakini kasi iliwekwa na aliye nyuma. Akitoka katika eneo salama nyuma yake, ilimwonya. Pili utii: mtumiaji alitoa amri za kugeuka au kwenda mbele kwa vitufe, na kwenye njia panda roboti ilisimama kungoja neno lake. Tatu kukaidi: vihisio vilipoona kizuizi mbele, au kitu kikija, ilipunguza mwendo au ikasimama hata kama imeamriwa kwenda. Wahandisi hawakuliona jambo hili la tatu kuwa nyongeza; waliliandika kuwa moja ya nguzo za mradi. Nne mawasiliano: badala ya kulijaza sikio, walipitisha ujumbe kwenye ngozi ya mikono kwa msisimko mdogo wa umeme. Sikio likabaki huru kusikiliza barabara. Nikiyatazama mambo hayo manne kwa pamoja, naona katiba ndogo ya ushirika kati ya mtu na mashine, iliyoandikwa na watu waliowaheshimu mbwa na mabwana wao vya kutosha kuuliza wanavyoishi kabla ya kuchora chochote.

Udhaifu wake ulikuwa ramani. Kompyuta ya wakati ule haikuweza kuutambua mtaa kwa kuutazama, kwa hiyo MELDOG ilibeba ramani iliyoandaliwa kabla, na ikategemea alama za barabarani ili kujua imefika wapi na kujisahihisha. Pasipo alama hakuna safari. Hilo lilimaanisha kwamba mtu angekuwa huru ndani ya mitaa iliyotayarishwa tu, na kutayarisha mitaa ni kazi ya manispaa, si ya maabara. Kwa maneno mengine, mgawanyo wa mamlaka ulikuwa sahihi, lakini mashine ilichukua pia sehemu ya mambo ya mbali, ile ya kujua mahali, kabla haijawa na uwezo wa kuibeba.

Wakati huo huo barabara za Japani zilikuwa zinatayarishwa kwa namna nyingine, na hapa wapo watakaosema kwamba historia imekwisha kutoa hukumu dhidi ya roboti. Mwaka 1965 Seiichi Miyake wa Okayama alibuni kigae chenye vinundu ambavyo mguu unavihisi kupitia soli ya kiatu. Rafiki yake mmoja alikuwa anapoteza uoni. Tarehe 18 Machi 1967 vigae vya kwanza vilitandikwa kwenye kivuko karibu na shule ya wasioona ya mji huo. Vinundu vya duara humwambia mtu asimame na kujihadhari. Mistari mirefu humwambia afuate. Kutoka hapo vikaingia kwenye vituo vya reli, kisha nchi nzima, kisha dunia. Hivi leo vipo hata kwenye majengo na vituo vya mabasi vya miji yetu, ingawa mara nyingine vimetandikwa na fundi asiyejua maana yake, vikampeleka mtu kwenye nguzo. Kigae hakisukumi mtu wala hakimwamrishi. Kinasema tu, mtu anaamua. Na rangi ya njano iliyokuja kuwa desturi yake ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu wasioona kabisa hawana haja ya rangi. Njano ipo kwa ajili ya mwenye uoni hafifu, anayeweza kuufuata mstari unaong'aa juu ya saruji ya kijivu bila hata kuukanyaga.

Je, basi, kama kigae kinatosha, roboti ya nini? Kigae hakimwoni mwendesha pikipiki aliyepanda njia ya miguu. Hakijui kwamba leo mfereji umeachwa wazi, au kwamba muuza matunda ameweka meza juu yake. Kigae ni kumbukumbu ya barabara ilivyokuwa siku ilipojengwa, na mitaa inayobadilika kila asubuhi inamhitaji mwenzi anayetazama sasa hivi. Hoja hii inaelekeza roboti kwenye kazi ile ile ya mbwa: ya karibu, ya sasa, ya hatua inayofuata.

Michigan ilijifunza kutokana na mkanda ulioshindwa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 Johann Borenstein na Iwan Ulrich waliunda GuideCane, fimbo ndefu yenye kigari kidogo cha vihisio kwenye ncha yake. Magurudumu yake hayakuwa na injini ya kuyasukuma. Mtu mwenyewe ndiye aliyeisukuma, mashine ikageuza usukani tu. Akisimama, inasimama. Upande wa kwenda aliuchagua kwa kidole gumba. Kizuizi kilipotokea, kigari kilikata kona, na mkono ukaihisi kona hiyo bila neno lolote kusemwa. Kwa kipimo changu ni moja ya mashine zenye adabu zaidi zilizowahi kuundwa, na hata hivyo haikuingia mitaani. Yeyote anayeishuku hoja yangu ana haki ya kuuliza: kama kumwachia mtu uamuzi ndilo jambo kuu, mbona hii nayo ilikufa? Jibu ni kwamba kigari kilikuwa kizito, kwenye ngazi ni mzigo, na juu ya hayo kiliondoa kitu ambacho fimbo ya Hoover inakitoa bure, yaani habari za ardhi yenyewe: changarawe, majani, ukingo, maji. Mtu aliachiwa kuamua huku akipunguziwa habari za kuamulia. Kwa hiyo heshima kwa uamuzi ni sharti la lazima, lakini si sharti la pekee, na hiyo ndiyo sababu mbwa, ambaye mtu humhisi kila ardhi au hali inapobadilika, bado hajapata mbadala.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Japani yenyewe, tena kwa mtu ambaye haiwezekani kumshutumu kwamba hajui kutoona. Chieko Asakawa, aliyeumia bwawani akiwa na miaka 11 na kupoteza uoni kabisa akiwa na miaka 14, ni mwanasayansi wa kompyuta wa IBM na tangu 2021 ni mkurugenzi wa jumba la makumbusho ya sayansi la Miraikan, Tokyo. Katika safari zake za kikazi alikuwa akilisukuma sanduku la nguo mbele yake ili ligonge ukuta au ngazi kabla yake, na kutoka hapo likaja wazo la sanduku lenye akili. Roboti iliyoundwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kisha ikaendelezwa na muungano wa kampuni za Kijapani kuanzia 2020, ina sura ya sanduku la safari, leza na kamera za kutazama watu na vizuizi, na kishikio kinachotetema kumjulisha mtu inapogeuka. Ilitumika pia katika Maonyesho ya Dunia ya Osaka mwaka 2025. Mtu anachagua mwisho wa safari. Sanduku linachagua njia yote. Hapa mambo ya mbali yamehamia kwa mashine, na waungaji mkono wake wana sababu: katika uwanja wa ndege ambao hujawahi kuukanyaga huna ramani kichwani ya kuilinda, na mzee wa miaka 75 aliyeanza kupoteza uoni juzi hawezi kuhesabu njia panda kama Morris Frank.

Nakubali sehemu ya kwanza ya hoja hiyo bila kusita. Mahali pageni, tena penye sakafu laini na ramani iliyokwisha kupimwa, kumkabidhi mwingine njia ni uamuzi wa mtu huru, kama anavyofanya kila msafiri anayepanda teksi katika mji asioujua. Tena sanduku lenyewe limehifadhi kitu muhimu: mkono ukiachia kishikio, linasimama. Sehemu ya pili ndiyo inayonitia shaka. Mzee aliyepoteza uoni juzi bado anaujua mtaa wake. Anajua harufu ya duka la mkate, mteremko wa njia, jirani anayekaa barazani. Ukimpa mashine inayoamua yote, kumbukumbu hiyo haitumiki tena, na siku betri itakapoisha atakuwa amepotea mbele ya nyumba yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst waliowahoji watumiaji na wakufunzi wa mbwa waongozaji, na kutoa matokeo yao mwaka 2024, walikuta watumiaji hao hawataki roboti inayofanya kila kitu yenyewe. Wanataka ule mgawanyo wanaoujua, kwa hofu ya kugeuka abiria katika safari yao.

Kuna upande mwingine wa mbwa ambao Tachi hakuuiga, nao ni wenzi. Maabara ile ile ilikuja kuushika kwa njia isiyotarajiwa: mwaka 1993 Takanori Shibata alianza humo kazi iliyozaa Paro, roboti yenye umbo la mtoto wa sili na manyoya meupe, ambayo hutumiwa kuwatuliza wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Hivyo mbwa mmoja alipasuliwa mara mbili, kazi yake ikaenda kwenye kigari na upendo wake kwenye sili. Wapo wanaosema kwamba roboti haitamfaa mtu barabarani mpaka viwili hivyo viungane, kwa sababu mtu humwamini mbwa kwa kuwa anampenda. Nadhani mpangilio ni mwingine. Mtu na mbwa wanatembea pamoja kwa miezi kabla ya kuaminiana kikamilifu. Mbwa anakosea, anasahihishwa, mtu anajifunza dalili za wasiwasi wake kupitia kishikio. Imani inajengwa na kukataa kulikothibitika kuwa sahihi, na kwa makosa yanayoweza kuelezeka. Roboti inayosimama ghafla bila kueleza kwa nini haitaaminiwa hata ikivalishwa manyoya.

Haya yote yanawagusa zaidi watu ambao historia hii imewasahau. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba duniani kuna watu wapatao milioni 43 wasioona, na wengine wapatao milioni 295 wenye uoni hafifu wa kiwango cha kati hadi kikali. Mwenye uoni hafifu si nusu ya asiyeona. Huyu mwenye glakoma huona katikati na kupoteza pembeni. Yule aliyeharibika kitovu cha retina huona pembeni lakini hawezi kusoma uso ulio mbele yake. Mwingine hutembea vizuri saa saba mchana akawa hoi saa moja jioni. Kwa watu hawa swali la nani anaamua hubadilika ndani ya saa moja, na msaidizi anayewafaa ni yule anayejua kujiondoa: anayetaja namba ya basi tu na kunyamaza, anayeshika mwendo giza linapoingia na kuurudisha penye taa. Lakini majaribio mengi ya vifaa vya kuongoza yamefanywa, kwa sehemu au yote, na watu wanaoona waliofungwa vitambaa machoni. Mtu wa namna hiyo hana uoni uliobaki wa kutumia, hana miaka ya mazoea, na kwa hofu yake huiachia mashine kila kitu, kisha huandikwa kwamba ameridhika. Roboti ijayo ijaribiwe na wenye uoni hafifu wenyewe, jioni, katika barabara wanazopita kila siku, penye lami na penye mchanga, nao waulizwe ni maamuzi yapi wanataka kuendelea kuyashika.